Mama Alikataa Chai Tu

Ndugu yangu Ochieng,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Huko hujambo? Kile kifua kilichokusumbua tangu utoto naamini kimepona. Sisi tupo. Mama anakula kidogo, na bado anakuita wewe akitaka kuni.

Nikueleze ya kesi. Wakili wa serikali alituita Homa Bay, mimi nikatoka Suna, Mama akatoka Kisegi. Akasema Obura, yule aliyekupiga pale ufuoni, anataka kukiri, lakini akiri kuua bila kukusudia, si mauaji, ndiyo kifungo kipungue. Kabla ya kukubaliana naye, sheria inataka familia yako isikizwe.

Tukakalishwa chumba kimoja na baba yake Obura. Karani, msichana mgeni huku, akatuletea chai sote kwa trei moja. Mama akasukuma kikombe. Msichana akadhani ni sukari, akaongeza. Mama akasukuma tena. Wakili akaandika kwamba familia imekataa mapatano.

Nikamwambia, hapana madam. Kwetu damu ikimwagika hatuli wala kunywa na watu wa aliyeua, hata sisi wa kanisa, mpaka wazee watutakase. Mama amekataa chai tu. Tena hata baba yake Obura hakuwa amegusa yake.

Wakili akakata alichoandika, akamuuliza Mama anataka nini.

Unamjua Mama. "Miaka ya jela pangeni nyinyi. Mimi nataka aseme mbele ya watu kwamba mtoto wangu hakuwa mwizi."

Maana soko zima lilisema uliiba nyavu, Ochieng. Wanao walichekwa shuleni. Hata kanisani kuna waliohama benchi letu.

Jana amesema. Mbele ya jaji, macho chini: "Nyavu zilikuwa zake. Nilikuwa nimelewa, nikamwita mwizi." Jaji akamwambia arudie kwa sauti. Akarudia. Mama akanishika mkono, akalia. Tangu tukuzike hakuwa amelia.

Kifungo ni kifupi, sikufichi, na kinaniuma. Kumsamehe bado. Nikipiga magoti, jina lake naliruka. Niombee.

Jumapili nitasimama kanisani niyaseme maneno ya Obura yote, wale wa benchi wasikie. Halafu niende shuleni kwa wanao, niyaseme na huko. Hilo nakuahidi.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Na unijibu upesi, hata kama ni kwa ndoto.

Dada yako,
Pamela