Siku Mbili Tulizomficha Mwalimu

Nyumba Namba Saba,
Nyumba Ndogo za Wanafunzi,
Chuoni.
14 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Kile kikohozi kimekuachia? Mimi sijambo, ila nimekonda kidogo, na hilo si kosa la mtu, ni la mapishi yangu.

Uliniuliza tunaishije huku. Hatuko tena kwenye bweni kubwa. Chuo kimetupa nyumba ndogo za watu wanne wanne: vyumba vinne, jiko moja, bafu moja, na ratiba ya zamu imebandikwa kwenye mlango wa friji. Tunaitana kwa masomo yetu. Yuko Wakili, yuko Fundi aliyeunguza birika letu akisema analitengeneza, na yuko Mwalimu. Mimi ni Nesi. Tunapika chungu kimoja, na mtu akikohoa chumbani kwake, wote tunasikia.

Sasa nikueleze jambo lililonikaa moyoni tangu muhula uliopita.

Ilikuwa wiki ya mitihani, Jumatatu mchana. Nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo, simu ikaita. Alikuwa kaka yake Mwalimu. Namba yangu walikuwa nayo tangu siku dada yao alipotutembelea akaugua, nikampeleka zahanati. Akaniambia baba yao amefariki asubuhi ile, ghafla, na atazikwa kesho yake. Kisha akasema, "Usimwambie mpaka amalize mtihani wa Jumatano. Mama ndiye aliyeagiza." Nikaitikia. Nilijua akiukosa mtihani ule atarudia mwaka mzima.

Niliwaita wenzangu wawili chumbani kwangu. Wakili alipinga kabisa, akasema msiba ni wa mwenyewe na hakuna wa kumchagulia saa ya kulia. Fundi akasema tuheshimu neno la mama mtu. Wakanitazama mimi, kwa kuwa ahadi niliitoa mimi. Nikasema tunyamaze.

Mjomba, siku mbili zile sikujua mdomo wangu niuweke wapi. Jumanne ilikuwa zamu ya Mwalimu kupika. Alipika maharage huku akiimba, akatupakulia, akamtania Fundi habari za birika. Saa hizo baba yake alikuwa anazikwa. Tulikula. Wakili aliacha sahani yake nusu, akasema tumbo linamsumbua.

Baada ya kula Mwalimu akaniuliza, "Simu ya baba haipatikani tangu jana. Au chaji imemwishia?"

Nikamwambia, "Labda."

Jumatano alirudi kutoka kwenye mtihani amefurahi, akamkuta kaka yake amekaa jikoni kwetu. Aliambiwa pale pale, amesimama, mkoba bado uko begani. Hakupiga kelele. Alinigeukia mimi.

"Nilipokuuliza habari ya simu ya baba, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaenda kufunga nguo zake. Nilitaka kumsaidia, akanifungia mlango, taratibu tu.

Alirudi baada ya wiki tatu. Mlezi wa wanafunzi alimwambia anaweza kupewa nyumba nyingine akitaka, akakataa. Akaendelea na zamu zake, akatusalimu kila asubuhi, lakini kuimba aliacha. Mtihani alifaulu. Hakuna aliyethubutu kumpongeza.

Jioni moja tulikuwa tunaosha vyombo, yeye na mimi. Akasema bila kunitazama, "Kaka nimemsamehe. Yeye alikuwa mbali. Wewe ulikuwa unanitazama usoni." Sikujitetea, Mjomba. Nilimwomba radhi, basi. Akamaliza kufuta sufuria, ndipo akasema, "Nimekusikia." Hajasema zaidi ya hapo, nami simdai.

Nimekuandikia haya kwa sababu mwezi huu nimempigia mama yangu simu mara nne. Kila mara anapokea dada. Mama amelala, mama yuko bafuni, mama ametoka kidogo. Tangu nimjue, mama halali mchana. Na mitihani yangu inaanza baada ya wiki tatu.

Dada hawezi kuficha jambo bila idhini yako, wewe ndiye mkubwa wetu. Kama mmekubaliana ninyamaziwe, najua ni kwa upendo, maana hata mimi nilinyamaza kwa upendo. Lakini nakuomba uniambie. Mtihani nitaurudia.

Nisalimie mkaza mjomba na binamu zangu wote, hasa wale mapacha, waambie nawakumbuka. Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe na moyo wa kunijibu.

Ni mimi mpwa wako akupendaye, anayengoja kuambiwa,

Nesi