Mlango wa Nyuma Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Miezi minne leo tangu nimzike mume wangu. Kaburini sikwenda. Nimekwenda kukaa ndani ya gari.

Nimekaa kiti cha abiria, kiti changu, nikafunga milango yote ili harufu yake isitoke. Bado ipo — grisi, sabuni ya unga, na zile peremende za mnanaa alizodhani zinaficha sigara. Miaka kumi na tisa ya ndoa, mtu anadhani sijui kama anavuta! Zimebaki mbili kwenye kidroo cha mbele. Sijazigusa.

Nimelia mpaka vioo vikaingia ukungu. Nikataka kushusha kioo cha nyuma kushoto, kisha nikakumbuka: hakishuki. Hakijashuka hata siku moja tangu tulinunue, mwaka wa sita huu. Fundi mkuu wa milango wa kiwanda chetu kizima cha magari, na kioo cha gari lake mwenyewe kimekwama! Nilimtania mpaka nikachoka. "Kinyozi hajinyoi," ndilo jibu lake. Lakini ole wake mtu mwingine aguse mlango ule. Hapo hakuna utani, anafoka hasa.

Leo ningetoa chochote anifokee.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshona viti sita, viwili nimevifumua.

Saa nne wakaja watu wa ushuru. Mwanamama mwenye faili na mwenzake wa kupiga picha. Tumekusanywa kantini, mashine zimezimwa. Yule mama akatueleza kama mwalimu wa darasa la kwanza. Gari likija vipande, likafungwa hapa kwa mikono yetu — milango, viti, vioo, nyaya, taa — hilo ni la ndani. Likija zima limekamilika, hata tulipake rangi upya, hata tulibandike kibao cha IMEUNDWA HAPA, hilo ni la nje, na ushuru wake ni wa nje. "Gari haliwi la hapa kwa sababu limelala hapa," akasema. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Wanatafuta magari sitini. Ya mwezi mmoja tu, miaka sita iliyopita. Yakithibitika ni ya nje, yanavutwa yote kwenda yadi ya ushuru.

Letu ni la mwezi huo.

Na mwezi huo naukumbuka vizuri. Viti vyangu vilijaa stoo mpaka vikagusa dari, vipya, na magari yanatoka kila siku. Nikamuuliza msimamizi wetu — tunamwita Spana, maana kazi yake ni kubana watu — mbona magari yanatoka na viti vyangu viko hapa? Akanijibu, "Mama Viti, wewe shona tu."

Nikashona tu. Usinione mjanja kwenye kurasa hizi. Nilijua kuna jambo, nikajifanya sijui.

Alhamisi, 6 Machi

Spana kaniita ofisini. Kanivutia kiti mwenyewe! Miaka yote hii sijawahi kuona makalio ya mtu yeyote wa kushona kwenye kiti kile.

"Shemeji, pole sana." Shemeji tangu lini?

Basi akamwaga. Karatasi zote za magari sitini zina saini ya marehemu: kwamba milango imefungwa hapa. Yeye Spana atawaambia watu wa ushuru kuwa magari ni halali, ila karatasi zilichanganywa, namba za huku zikaandikwa kule, kwa sababu marehemu kipindi kile alikuwa anakunywa. Na anayeweza kulithibitisha hilo ni mke. Karatasi ameshaipiga chapa. Nisaini tu.

Nikamwambia mume wangu hakuwahi kuonja pombe. Hata ya kikohozi alikuwa anainusa kwanza.

"Najua, shemeji. Lakini marehemu hafukuzwi kazi. Marehemu hafungwi. Asiyekuwepo na lake halipo." Nikisaini, watu sitini wanabaki na magari yao, na mimi nabaki na langu. Nikikataa, wanaanza kufungua gari moja moja. "Funika kombe mwanaharamu apite," akasema, akanisogezea kalamu.

Nikasema nitafikiri. Kanipa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, siku watu wa ushuru watakapokuja kuliangalia gari letu nyumbani.

Mlevi! Mtu aliyekuwa anapiga pasi ovaroli!

Jumamosi, 8 Machi

Mwanangu kaja kutoka chuoni. Nimemweleza yote. Kasikiliza huku anachezea funguo za gari, zile zile baba yake alizompa akijifunza kuendesha, wanazunguka uwanja mtupu nyuma ya kiwanda, yeye analia gia imekataa, baba mtu anacheka hadi anashika mbavu.

"Saini, mama," kasema. "Baba tunamjua sisi. Hao wengine waamini watakavyo. Lakini wakilichukua gari, tunabaki na nini chake? Mashati?"

Mashati nimeshayafua, kwa ujinga wangu. Wiki ya kwanza tu nilifua yote, nikidhani ndiyo heshima. Lile kosa sitajisamehe.

Jumapili, 9 Machi

Imenyesha tangu asubuhi. Nimekwenda kulitazama gari, nikakuta kiti cha nyuma kushoto kimelowa. Maji yanapita kwenye ule mlango. Kiti changu mimi! Kwa sababu viti vya gari hili ni vyangu, nimevishona. Wiki tuliyolinunua alivitoa vya mwanzo vyote, akaenda kuvikomboa vya kwangu stoo. Nikadhani ananibembeleza. "Kwenye gari langu tutakalia mshono wako," kasema. Geuza kona yoyote utaukuta uzi wangu mwekundu. Kila fundi kiwandani kwetu ana alama yake ya siri. Imekatazwa, na hakuna asiyeifanya. Wa milango huandika ndani ya bati kwa chaki ya nta kabla ya kufunga kava ya ndani ya mlango. Yeye aliandika jina lake na tarehe, kwenye kila mlango, miaka na miaka.

Basi nikachukua bisibisi yake. Nisamehe, mwenzangu, nikasema, lakini kiti kinaoza. Skrubu nane. Kava ikatoka.

Kioo hakikukwama. Kimefungwa kwa waya, mizunguko minne, safi, kazi ya fundi. Kimezuiwa kisishuke. Kwa nini? Nikawasha tochi ya simu.

Kwenye bati, juu, kuna maandishi ya buluu. Si ya kwetu. Herufi sizijui, sijui hata zinasomwa kutoka upande gani. Pembeni kachorwa samaki mdogo, ana jicho, anacheka. Kuna fundi wa milango huko alikotoka gari hili, na yeye ana alama yake ya siri.

Chini yake mwandiko wa mume wangu. Nanakili ulivyo:

"Milango 240. Yamekuja mazima. Tumeambiwa tuifungue tuirudishe ihesabike kazi yetu. Spana kasema nisaini au niende nyumbani mimi na mke wangu. Nimesaini. Hii siyo kazi yangu, ni ya huyu wa juu. Ndugu, niwie radhi."

Nimeketi kwenye tope na gauni langu. Mimi na mke wangu. Kumbe aliiuza saini yake kwa ajili ya cherehani yangu, na mimi nalala ubavuni kwake miaka sita namtania kuhusu kioo! Kioo kingeshuka, kingefuta maandishi. Ndiyo maana alilitaka gari hili hili, hataki jingine. Alilileta nyumbani kama mtu anavyoleta mgonjwa wake.

Ningeambiwa. Ningeacha kazi siku ile ile, ningeshona mapazia. Mbona hukuniambia, mwenzangu? Mbona ulimwambia mtu wa samaki asiyejua hata lugha yako, mimi ukaninyima?

Nimerudisha kava. Skrubu nane. Mwanangu sijamwambia.

Jumanne, 11 Machi

Nimemvizia mama wa ushuru langoni. Nikamuuliza, kama swali la kawaida tu: gari limekuja zima, lakini viti vikabadilishwa vikawekwa vya hapa, vya mkono kabisa — hilo linahesabiwa wapi?

"La nje, mama. Viti peke yake havitoshi."

Hata kama mshono ni maradufu?

Kanitazama. Hakucheka. Kasema taratibu, "Hata kama." Kisha kaniuliza mimi ni mke wa fundi wa milango? Nikaitikia kwa kichwa. Kasema amemsikia msimamizi akitaja ulevi wake. Anataka kujua kama ni kweli.

Nikasema nina haraka. Niko wima pale, mlangoni mwa kiwanda alichokifanyia kazi nusu ya maisha yake, naulizwa kama mume wangu alikuwa mlevi, nami nasema nina haraka. Nimejichukia njia nzima.

Ijumaa, 14 Machi

Naandikia garini. Daftari juu ya paja, bisibisi juu ya daftari.

Spana kafika mapema kabla ya watu wa ushuru. Yuko sebuleni na karatasi yake, anakunywa chai ya mwanangu. Nimemsikia akimwambia, "Baba yako alikuwa mtu mzuri, ila udhaifu kila mtu anao." Na mwanangu akasema — nimesikia kwa masikio yangu — "Ndiyo, baba mdogo." Mwanangu! Sauti imemkatika katikati. Kasema kwa ajili ya gari. Kasema kwa ajili yangu. Baba mtu alisaini kwa ajili yangu, sasa mtoto naye anameza kwa ajili yangu. Itakuwaje watu wote walionipenda wawe wamelala na uongo mmoja?

Nimetoka kwa mlango wa jikoni.

Nikisaini, gari linabaki, na yeye anakuwa mlevi. Nikifungua kava, yeye anakuwa yeye, na gari linavutwa leo leo kwa mnyororo, na harufu yake ndani. Na hamsini na tisa ya watu wengine nyuma yake. Jirani wa kona analo mojawapo, anapelekea mama yake hospitali.

Nimekula peremende moja. Imebaki moja.

Gari la ushuru limesimama langoni. Spana katoka barazani, ananipungia karatasi kama anayeita teksi. Mwanangu nyuma yake, macho mekundu. Ananitikisia kichwa: mama, usifanye chochote. Hajui kuna nini humu.

Mama wa ushuru hakwenda kwa Spana. Kaja moja kwa moja huku. Kafungua mlango wa nyuma kushoto, kapapasa kiti. "Vizuri. Hivi ni vya wapi?"

Vya hapa, nikasema. Nimeshona mimi.

Anabonyeza swichi ya kioo. Anabonyeza tena. "Hiki hakishuki?"

Nimetoa skrubu sita kabla hawajafika. Zimebaki mbili. Ananiangalia, anangoja nimjibu, na Spana anakuja mbio. Nafunga daftari, nashika bisibisi.