Kombe la Ishiara Halimo Ukutani

Nyumbani kwa Mwalimu Rwamba,
Soko la Ishiara,
Mbeere Kaskazini.

9 Agosti 2016

Mpendwa kaka Gitari,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini joto la Doha halijakumaliza, na kwamba zile zamu za mchana zimepunguzwa kama ulivyomwambia mkeo Phyllis. Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Baba sasa anatembea hadi nje bila kushikwa, ila mkono wa kulia bado haujarudi. Mama ana nguvu zake na kelele zake. Kaari wangu anaota meno, kwa hivyo silali, na ukiona mwandiko umepinda ujue yuko mapajani ananivuta kalamu.

Ndengu tulivuna kidogo, wadudu waliingia mapema. Yule mbuzi mweupe wa mama amezaa pacha.

Nimekuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani kwa sababu simu imenishinda. Nikipiga hushiki. Nikituma ujumbe naona umeusoma, halafu kimya. Mara tano, Gitari! Basi barua hii nimempa Mwirigi, maana likizo yake inaisha na anasafiri Jumapili, na nimemwagiza asimame mbele yako mpaka uimalize. Mlivyo chumba kimoja, hutakuwa na pa kukimbilia.

Jambo lenyewe unalijua. Kamati ya ligi yetu ya besiboli ya Meru na Embu inapaka rangi ukuta wa stoo ya vifaa pale uwanjani Gachoka, na juu yake wataandika mabingwa wote tangu ligi ianze mwaka wa 2004. Sherehe ni Jumamosi tarehe 27. Mithika, yule katibu, alituletea orodha nyumbani ili baba aione kwa heshima ya ukocha. Nilimsomea mimi.

Kinoru, Kinoru, Kinoru. Gachoka. Kinoru, Kinoru, Kinoru tena. Gachoka mara mbili. Embu mjini. Kinoru. Gachoka. Nikafika mwisho nikarudi juu, nikidhani nimeruka mstari kwa usingizi. Sikuwa nimeruka. Ishiara hatumo hata mara moja, kana kwamba hatukuwahi kushika beti.

Kosa nililiona papo hapo, na Mithika mwenyewe alikubali linaweza kuwa kosa. Ni mwaka ule wa njaa, 2009. Fainali ilisogezwa kwa sababu watu walikuwa kwa foleni ya mahindi ya serikali, halafu mvua ikaja kwa hasira uwanja ukawa tope, tukacheza Januari 2010. Novemba ya mwaka huohuo kukawa na fainali nyingine, Kinoru wakashinda. Sasa Mithika alipokuta fainali mbili ndani ya mwaka mmoja, akabakisha ya pili. Na kwa 2009 akaandika Kinoru, kwa kuwa Krismasi ile kombe lilikuwa bado kwao, la mwaka uliotangulia. Ndivyo tulivyopotea, kati ya Krismasi na Januari.

Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa alama siku hiyo, niliketi kwa sanduku la soda na daftari na penseli yangu, tukashinda tano kwa nne. Unajua alinijibu nini?

“Dada, wewe ni binti wa kocha na bibi wa mchezaji. Nikikubali mdomo wako leo, kesho Gachoka wataleta mdomo wao. Niletee daftari. Hata picha ya simu, kurasa mbili tu.”

Daftari liko kwako. Uliniomba siku ya kuondoka, ukasema unataka kitu cha kukukumbusha nyumbani, nikakupa bila swali. Nilipokuuliza mwezi wa sita ukanijibu mara moja tu, kwamba lilipotea ulipohama chumba. Nikakuamini, nikamwambia baba limepotea. Akasema, “Wacha waandike wanavyotaka. Sisi mbuzi yetu ya ushindi tulikula.” Jumamosi zilizofuata hajaomba kupelekwa uwanjani. Anageuza kiti kinatazama ukuta.

Halafu Mwirigi akaja likizo. Nikamweleza kwa uchungu jinsi daftari lilivyopotea, akanicheka. “Lipi, lile la jalada la kijani? Si nililiona juzi? Alikuwa amelitoa kwa sanduku lake analisoma kama Biblia.”

Kaka, niliona aibu mbele ya mgeni kwa sababu yako.

Sasa nitasema kile ambacho tumezunguka miaka sita. Mume wangu Mutegi aliniomba nisikiseme. Aliniambia, “Mwache kaka yako, hajaniibia ng'ombe.” Lakini mimi nimechoka kubeba maneno ya wanaume huku nimebeba mtoto.

Wewe hukupiga mpira wa ushindi. Zamu yetu ya mwisho, alama zikiwa nne kwa nne na watu wetu wawili wakingoja vituoni, ulikosa mipira mitatu ukatolewa, ukatupa beti hadi baba akakukemea. Aliyekuja nyuma yako ni Mutegi, mpigaji wa mwisho kwa orodha, na ndiye aliyeupiga chini katikati ya walinzi wawili wa Kinoru, Gitonga wetu akakimbia homu, kituo cha mwisho, ikawa alama ya tano. Niliandika hivyo. Wachezaji wote walijua. Kwa harusi yako ya kanisani mtu wa maikrofoni alikosea akakupa sifa hiyo, nawe ukatabasamu ukaipokea. Tulicheka. Mutegi ndiye aliyecheka zaidi. Kisha ukaisimulia kwa wakwe, ukaisimulia kanisani kwa mchango, na mwisho ukamsimulia mtoto wako, na hapo kicheko kilituisha.

Wambeti wako, huyu wa jina la mama, anacheza sasa katika timu ya wasichana shuleni. Anaringa nawe. Kila akishika beti huwaambia wenzake, “Mnajua baba yangu ni nani?” Najua unamwogopa yeye. Si Mithika, si ukuta. Unaogopa daftari lifunguliwe siku ya sherehe, mtoto wa miaka tisa alisome kwa kidole.

Naelewa hofu hiyo, mimi pia ni mzazi. Ila siielewi bei yake. Baba alifundisha timu miaka minane na glavu tisa tu, tukizibwaga uwanjani kila zamu ili wapinzani wazivae. Alishinda mara moja. Mwaka mmoja tu, Gitari, na huo ndio unaoukalia.

Tena nina swali. Wewe unayelisoma daftari kama Biblia, huwa unaishia wapi? Ukikomea pale ulipokosa mipira mitatu basi unasoma vibaya. Shuka chini ya ukurasa, upande wa Kinoru, mpigaji wao wa mwisho. Yule mkimbiaji wao mrefu alitoka kituo cha pili akija homu kusawazisha, na kecha wetu, mlinzi wa homu, alikuwa wewe, kidole kimevunjika tangu asubuhi na kimefungwa kwa kitambaa cha mama. Mpira ulikuja umechelewa. Wewe ulilala njiani ukamgusa nao kabla hajafika, akakuangukia, na vumbi lilipotulia mpira ulikuwa bado mkononi mwako. Hapo mchezo uliisha. Nimeandika jina lako, na penseli ilikatika kwa jinsi nilivyobonyeza. Hukuhitaji cha Mutegi. Ulikuwa na chako, ukakiacha.

Hivi ndivyo nitakavyofanya. Mchoraji anaanza Alhamisi tarehe 25. Nimemwomba Mithika mstari wa 2009 uachwe mtupu hadi asubuhi ya Jumamosi, amekubali kwa shingo upande. Piga picha kurasa zote mbili, bila kukata wala kufunika. Zisipokuja, mstari utarudishiwa Kinoru, na mimi nitamwambia baba kwamba daftari halikupotea. Sitamdanganya mara ya pili kwa niaba yako.

Zikija, Wambeti hatalisoma jambo hilo daftarini wala kulisikia kwa midomo ya watu. Nitampa simu nitoke nje, umweleze wewe mwenyewe. Sijamwambia lolote. Hilo nimemwachia baba yake.

Nisalimie Mwirigi, na asisahau dawa ya mgongo aliyomwahidi mama. Phyllis anakusalimu, nimemwambia tu kwamba nimekuandikia. Mutegi anakusalimu pia, na anasema kidole chako kikiuma kwa baridi umkumbuke. Baba na mama wanakuombea kila jioni kwa jina lako kamili. Mungu akulinde katika kazi na akurudishe kwetu ukiwa na uso wako uleule.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukasirikia,

Igoki