Parcelle Iliyo Chini ya Jiwe

Ijumaa, 18 Januari 2002

Gisenyi, Rwanda, ng'ambo ya mpaka. Niko kwa Tante Emerance, dada ya Papa. Binti yake Igiraneza amenipa daftari alilolianza akaliacha. Nimeligeuza, naanzia nyuma.

Naandika Kiswahili. Kifaransa ni cha mwalimu. Kinyarwanda ni cha Mama akinigombeza. Kiswahili ni cha avenue yetu, mtaa wa Mabanga kule Goma — na sijui kama avenue bado iko.

Jana volkano ya Nyiragongo ilipasuka. Siyo mdomo wake, mbavu zake. Nilikuwa nafua. Mama Kahindo, jirani wetu wa kuume, muuza mandazi, alikuja kwenye lango letu akipiga sufuria kwa mwiko. Toka, Mama Umwiza, toka, moto umefika uwanja wa ndege! Na huyo ni mtu ambaye alikuwa hatusalimii tena. Tangu mwaka jana, tangu kaka yake Paulin auawe na waasi kwenye barabara ya Butembo. Anasema waliomwua ni Wanyarwanda. Sisi tunasema Kinyarwanda. Basi.

Alirudi kuchukua sufuria zake. Tulipogeuka, moto ulikuwa umekata barabara. Yeye na binti yake Fabiola wakabaki upande wa Sake, sisi upande wa Gisenyi. Hakuna aliyechagua.

Fabiola ni rafiki yangu. Alikuwa. Sijui niandikeje.

Jumapili, 20 Januari

Watu wanarudi Goma! Serikali ya hapa imewaonyesha kambi, wamekataa. Wanapita juu ya jiwe ambalo bado linatoa moshi. Papa amekwenda nao. Amerudi na viatu visivyo na soli, ziliyeyuka. Aliketi chini, akavivua.

Halafu akasema kwetu hakuna kitu. Nyumba hakuna, lango hakuna, mparachichi hakuna. Jiwe jeusi tu, limemzidi urefu. Karatasi za parcelle, kiwanja chetu, ziliungua pamoja na kabati.

Tante akasema kaeni hapa, Mungu ameonyesha njia. Umwiza atasoma na Igiraneza. Papa alijibu: parcelle ni ile tu, tukiiacha tumekwisha.

Mimi nilikuwa nachambua maharage. Hakuna aliyeniuliza.

Jumanne, 22 Januari

Nitasema ukweli, hakuna atakayesoma. Napenda bomba la hapa. Unafungua, maji yanakuja. Umeme unawaka na unabaki. Barabara imefagiwa mpaka naona aibu kutema ganda la muwa. Darasa la Igiraneza lina vioo madirishani. Letu lilikuwa na vioo kabla ya vita ya kwanza ya kwetu, ya mwaka 1996, nimeambiwa.

Usiku — hapana, jioni tu — mimi na Igiraneza tulilinganisha. Wabelgiji walewale walitutawala sisi na wao. Kwetu uhuru ni tarehe thelathini Juni. Kwao ni tarehe moja Julai, miaka miwili baadaye. Kwenye kalenda siku hizo zinalala kitanda kimoja! Nikamwambia niimbie wimbo wa taifa lako. Akasita. Wimbo ni mpya, umebadilishwa mwezi huu, na bendera nayo mpya, bado wanafundishwa. Akaanza, akakwama, akaficha uso kwa mto. Mimi wangu naujua wote mpaka mwisho. Lakini inchi yangu imekatwa vipande, na kuna vipande ambavyo Papa hawezi kufika bila kuomba ruhusa ya waasi.

Yeye ana inchi, hajui wimbo. Mimi nina wimbo.

Tulicheka sana. Baadaye sikulala vizuri.

Bombani wasichana walisikia Kinyarwanda changu, cha Rutshuru kwa babu, wakaniita Mukongomani. Hawakusema vibaya. Mabanga wananiita Munyarwanda, na huko wanasema vibaya. Nilibeba bidoni yangu ya maji nikatembea haraka.

Jumamosi, 26 Januari

Leo Papa ametuaibisha! Nikikumbuka masikio yanawaka.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi hapa ni umuganda. Watu wote nje na majembe, maduka yamefungwa. Lakini Papa alitaka kuvuka mapema kwenda kulinda parcelle. Sasa kwetu tunajua namna ya kufanya. Salongo, umuganda wetu, ikiitwa na una safari, unakwenda kumsalimia shefu na kitu kidogo, shefu anakohoa, unaondoka. Papa akatafuta chupa ya bia. Akaifunga na gazeti. Akaenda moja kwa moja kwa nyumbakumi wa hapa — nao wanamwita nyumbakumi, neno letu! — mtu mrefu anaitwa Habarurema. Akamwambia, muzee, hii ni ya kuondoa kiu.

Habarurema akafungua gazeti taratibu. Akainua chupa juu. Akauliza watu wote kama kuna aliyepoteza bia. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyoniua. Kwetu wangecheka mpaka jioni. Akamrudishia Papa chupa kwa mikono miwili, kwa heshima, na jembe juu yake.

Papa alichimba mtaro mpaka mchana, chupa imesimama kando kwenye majani inamwangalia. Habarurema akaja kuchimba karibu naye. Wakaongea kidogo. Kumbe alizaliwa Masisi, kwetu Kongo, akasoma Goma. Mtu wa Masisi ni nyumbakumi Gisenyi, na sisi wa Rutshuru tunaogopa kukosa mahali Mabanga.

Nimependa umuganda. Nimeandika, basi. Mtaro ulikuwa umeziba, sasa maji yanapita. Kwetu salongo ililiwa na mashefu, chupa kwa chupa, na Papa alikuwa mmoja wa waliowalisha.

Lakini hapa watu wanaongea chini chini. Hawaulizani mtu alikuwa wapi zamani. Igiraneza ameniambia nisiulize. Kwetu wanakuuliza mpaka jina la babu ya babu yako. Sijui kipi kinachosha zaidi.

Jumatatu, 28 Januari

Mabanga! Tumevuka mpaka kwenye barrière ndogo, kizuizi cha waendao kwa miguu, Papa, Mama na mimi. Jiwe limepoa juu, ndani bado lina joto, unalisikia miguuni kama tumbo la mtu mwenye homa. Watu wamekwisha kujenga. Mbao zinapita kwenye chukudu, baiskeli zetu za mti, wavulana wanazisukuma wakipiga kelele. Mama mmoja anauza sombe, majani ya muhogo, mahali palipokuwa na duka la dawa. Sikutegemea kufurahi. Nilifurahi.

Halafu tukafika. Kwenye pembe ya parcelle yetu kuna mawe manne yamepakwa chokaa. Mtu aliyeyapaka amevaa koti ya ngozi, hatumjui. Alimwambia Papa kwa upole kabisa kwamba mwenye mahali hapa alikimbilia kwao Rwanda. Papa akasema mwenye mahali hapa ni mimi. Koti ya Ngozi akaomba karatasi.

Muzee Sikuli, nyumbakumi wetu, alifika na fimbo yake. Hakutaka ugomvi. Amesema karatasi za avenue nzima ziliungua, kwa hiyo atapima kwa kamba, kama wazee walivyopima mashamba. Jirani wa kuume anashika kamba upande mmoja, mwenye parcelle upande mwingine. Jirani akikubali kushika, amekushuhudia. Akikataa, huna mahali. Na anayeshika kwa uongo, watu wa avenue hawatamshikia yake.

Jirani yetu wa kushoto alikufa kabla ya volkano. Wa kuume ni Mama Kahindo.

Alikuwepo, amerudi kutoka Sake. Alikuwa anakanda unga chini ya plastiki. Mama akaenda kumsalimia, akamshukuru kwa ile sufuria. Mama Kahindo hakuacha kukanda. Alisema, "Moto ulikuja, kila mutu alikimbilia kwabo."

Fabiola aliniangalia, akaangalia unga.

Alhamisi, 31 Januari

Tunalala chini ya plastiki kwenye uwanja wa parokia. Mvua. Ardhi inatetemeka bado, watoto wamezoea, wanahesabu na kucheka. Maji tunateka mbali. Nafikiria bomba.

Tante ametuma ujumbe. Nafasi ya shule ataishika mpaka Jumatano. Papa amesema wazi: kamba ikikataa, mimi naenda Gisenyi kuishi kwa Tante, na wao watarudi Rutshuru kwa babu, ambako usiku watu wanalala porini. Siku ya kamba ni Jumanne.

Nilimuuliza Mama yeye anataka nini. Akasema anataka kuanika nguo mahali pake.

Jumamosi, 2 Februari

Imetokea kitu. Mimi! Mimi ambaye mwalimu ananiuliza jibu ninalolijua na ninakaa kimya.

Muzee Sikuli aliita salongo ya kuvunja njia, chukudu zipite. Watu wengi walikuja, hata bila kuitwa mara mbili. Nyundo, nondo, mikono. Wanawake tunabeba vipande. Fabiola alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Akaniuliza bila kugeuka kama ni kweli Gisenyi wanafanya kazi hii kila mwezi, na matajiri pia. Nikasema ndiyo, matajiri pia.

Kambere, fundi wa viatu, alisikia. Akasema kwa sauti, aya, Munyarwanda mudogo ametuletea habari za kwabo. Wengine wakacheka ile cheko mbaya. Papa akainama kwenye nondo yake. Mama Kahindo alikuwa amekaa kwenye beseni amegeuza mgongo.

Sijui nini kilinishika. Nilisema, Papa Kambere, unataka kujua Papa yangu alifanya nini kule? Na nikawaambia. Chupa, gazeti, masalamu, Habarurema anainua bia hewani, jembe juu ya chupa. Nilipofika mahali chupa imesimama kwenye majani inamwangalia Papa akichimba, Kambere aliketi chini kabisa, ameshika mbavu. Muzee Sikuli akafuta macho — na yeye amekunywa chupa ngapi za Papa!

Papa mwenyewe akaanza kucheka. Sijamwona akicheka tangu volkano.

Mama Kahindo akageuka. Hakucheka. Aliniuliza, "Aliifunga mu gazeti?"

"Ndiyo, mama."

"Kama ya hapa?"

"Kama ya hapa kabisa."

Akamwangalia Papa. Kisha akasema, "Papa Umwiza, mutu wa kule hangeweza kufanya vile. Ule ujinga ni wa hapa. Ni wetu."

Watu wakapiga kelele. Yeye akachukua beseni lake akaenda kuwasha moto wa makala wa kukaangia mandazi. Sikujua kama ametukubali au ametutukana. Mama anasema ni vyote viwili, na kwamba ndivyo majirani walivyo.

Jumapili, 3 Februari

Misa nje, juu ya jiwe. Fabiola alikaa karibu nami. Wakati wa kupeana amani alinipa mkono na ndani ya mkono kulikuwa na andazi, bado la moto. Lilikuwa na ukoko mgumu, ninavyolipenda.

Radio inasema wakubwa wote, wa serikali na wa waasi, watakwenda Afrika Kusini mwezi huu kuongea amani. Papa anasema wataongea mpaka wanenepe. Lakini hakuzima radio.

Koti ya Ngozi leo ameleta mbao. Ameziweka juu ya parcelle yetu na kukaa juu yake.

Jumanne, 5 Februari

Siku ya kamba. Naandika nimekaa juu ya jiwe letu, au ambalo si letu, nitajua.

Jana jioni nilifikiri. Kule kuna bomba, vioo, mtaro safi, na Igiraneza ambaye nitamkosa. Hapa kuna moshi. Lakini kule ningekuwa mgeni mzuri maisha yote. Hapa wananitukana kama mtu wa nyumbani. Na mtaro unaweza kuchimbwa popote! Hilo nimelileta kutoka kule, na sitaona aibu. Kama tukipata mahali petu, nitamwambia muzee Sikuli: kila mwisho wa mwezi. Bila chupa.

Wameanza mwanzo wa avenue. Muzee Sikuli anaangalia ukuta wa kanisa uliobaki, anaangalia mti ulioungua nusu, anaelekeza fimbo. Watu wanashika kamba, wanagombana, wanakubaliana, wanaweka mawe. Kambere amepata yake, amecheza.

Kamba iko kwa Mama Kahindo. Imepita. Yake imekubaliwa.

Sasa sisi. Muzee Sikuli anauliza, jirani wa kuume wa Habumugisha, ndiye Papa, ni nani. Anauliza kama hajui. Koti ya Ngozi amesimama kwenye mawe yake ya chokaa. Papa amevua kofia. Mama amenishika bega.

Mama Kahindo bado amekaa. Anafuta unga mikononi, kidole kwa kidole. Anachukua muda! Fabiola anamwambia kitu sikioni.

Anasimama. Anafunga kitenge. Amechukua ncha ya kamba kwa muzee Sikuli. Anatembea — anapita mawe ya chokaa, hayaangalii — anaendelea, anaangalia chini kama anatafuta kitu kilichoanguka. Amesimama. Ni pale. Pale penyewe palipokuwa lango letu, alipopiga sufuria. Anakanyaga mara mbili kwa kisigino.

Ananiita. Si Papa, mimi.

"Umwiza, shika kule. Na uvute, mutoto, isilegee."

Koti ya Ngozi anasema kitu, anamjia Mama Kahindo, Kambere na nyundo anakuja kumzuia — naweka daftari chini, naenda kushika kamba.