Redio Ilitaja Vifaranga

Marangu,
Moshi.
22 Juni, 1975

Mpendwa mdogo wangu Eliezeri,

Ni mimi dada yako Aikande. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Ndola, wewe, Magdalena na watoto. Je, kikohozi cha Magdalena kimepona? Huku baridi imeingia hadi mifupani, na ukungu haujatuacha tangu masika. Baba na mama wameitikia shikamoo yako. Baba anatembea, ila ule mguu bado unamsumbua. Mama anakula kidogo sana.

Barua yako ilifika. Mwishoni umemsalimu Eliufoo, ukamwomba akutumie picha ya mtoto akishazaliwa. Nilikuwa nawasomea wazazi, na nilipofika hapo nikaukunja ukurasa. Eliezeri, kama umesimama, kaa. Mdogo wetu Eliufoo hatunaye tena. Amefia kwenye ndege.

Najua utauliza, Eliufoo na ndege wapi na wapi? Nitakueleza jinsi mambo yalivyotufikia. Hatukukuletea simu ya maandishi kwa sababu baba alikataa kutuma neno ambalo hakuwa na hakika nalo.

Unajua kwamba alipata kazi kwenye shamba la kuku kule tambarare, njia ya Himo. Mwezi uliopita alitumwa Nairobi kupokea vifaranga wa siku moja, ambao wangeletwa kwa ndege ya mizigo hadi uwanja wa Kilimanjaro. Yeye alikwenda kwa basi, na alituaga kwamba atarudi kwa basi. Mama alimfungia ndizi za kuchoma. Ruth, mkewe, alimsindikiza hadi barabarani na tumbo lake lile, akarudi akicheka kwamba mumewe ameahidi kumletea kitenge na yeye hajui kuchagua hata leso.

Jioni moja tulikuwa kwa balozi wetu wa nyumba kumi tukisikiliza taarifa ya habari. Msomaji akasema ndege ya mizigo kutoka Nairobi imepotea katika mawingu, na inadhaniwa imeugonga mlima. Ndani yake walikuwemo marubani wawili na maelfu ya vifaranga. Hapakuwa na abiria. Kisha akaendelea na habari za kahawa.

Mama alisikitika palepale. "Masikini, viumbe wa Mungu, hata manyoya hawajaota!"

Mimi nilimgeukia baba. "Baba, si ndio vifaranga aliowafuata Eliufoo?"

"Ndio hao," baba akajibu. "Lakini yeye yuko kwenye basi. Hukusikia? Hakuna abiria."

Mdogo wangu, neno hilo ndilo tulilolalia na kuamkia. Hakuna abiria. Ruth alilirudia akisonga ugali, mama alilirudia akikata majani ya ng'ombe. Baba alishuka Himo kungoja basi la Nairobi linalopitia Taveta, akarudi peke yake. Kesho yake akashuka tena na mguu wake ule mbovu. Makondakta wakaanza kumfahamu, wakawa wanamtikisia kichwa kabla hajauliza.

Sokoni watu walikuwa na mzaha wao. Mwanamke mmoja muuza ndizi alisema safari hii watu wa juu wameletewa kitoweo kutoka mbinguni. Watu wakacheka. Siwalaumu, wao waliambiwa ni kuku.

Polisi walipotafuta watu wanaoujua mlima, walimchukua shemeji yako Basili pamoja na wapagazi wenzake. Mume wangu amebeba mizigo ya wageni tangu ujana, lakini aliporudi safari hii sikumjua uso. Alikaa jikoni karibu na moto bila kuvua viatu. Nikamletea bakuli la mtori, hakuugusa.

"Tumewaona marubani," aliniambia. "Upande wa kilele cha Mawenzi, juu kabisa ya msitu. Wameteremshwa. Ila sehemu ya nyuma ya ndege ilikatika ikaangukia korongoni. Huko hakuna mtu anayeweza kushuka, Aikande. Nimechungulia nikaona maboksi."

"Na watu?"

"Mawingu yalifunga," akasema, akainamisha kichwa. Kisha akaongeza, "Polisi wanasema hakuna wa kumtafuta tena. Walioandikwa ni wawili na wawili wamepatikana."

Tukabaki hivyo, na lile neno letu, hadi Jumapili. Tulipotoka kanisani, msimamizi wa shamba la kuku alikuwa ametusubiri nje kwenye ua, kofia mkononi. Alimwamkia baba. Machozi yakaanza kumtoka mtu mzima yule mbele ya waumini, na mimi nikajua kabla hajasema.

Alituambia kwamba Eliufoo alimpigia simu kutoka uwanja wa Nairobi, akiwa na furaha kama mtoto. Vifaranga walikuwa wamekaa sana kwenye jua na wengine walianza kufa. Rubani mmoja alimwonea huruma, akamwambia apande akae nao nyuma ili awafungulie hewa. Eliufoo akasema, "Mzee, leo nitakiona kilele cha Kibo kwa juu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho tuliyonayo. Haikuruhusiwa mtu kukaa na mizigo, kwa hiyo ndege ilipoanguka kila aliyejua alinyamaza. Msimamizi naye alinyamaza. Aliogopa kazi yake.

Ruth hakulia. Alikaa kwenye nyasi palepale na nguo yake ya kanisani, akawa anaukandakanda mgongo wake.

Mimi na Basili tulikwenda mjini kwenye ofisi ya wenye ndege. Tulipokelewa na kijana mwenye adabu.

"Mama, pole sana," alisema, "lakini ndege ile haikuwa na abiria."

"Mdogo wangu alikuwemo."

"Kama alikuwemo, hakuwa abiria wetu."

"Alikuwa nani basi?"

Alitutolea viti, akatuletea chai, na chai ikapoa tukiitazama. Gazeti la siku ile lilikuwa mezani kwake, na picha ya bawa la ndege kwenye mawe. Chini yake wameandikwa marubani kwa majina yao, na makwao, na watoto waliowaacha. Nimefurahi kwamba hao wametajwa. Walikuwa watoto wa watu, na mmoja wao alimhurumia ndugu yetu.

Kwa vile hakuna mwili, mama hataki kaburi lichimbwe. Mchungaji amekuja mara nyingi kuzungumza naye. Mama anamsikiliza, kisha anamwuliza atazika nini kwenye kihamba cha mume wake, shamba lile la ukoo, migomba ikiwa inatazama. Wote waliotutangulia wamelala hapo nyuma ya nyumba, wewe unajua. Eliufoo wetu yuko juu kule korongoni. Asubuhi mawingu yakifunguka, Mawenzi anaonekana vizuri kabisa kutoka mlangoni kwetu, na mama amehamisha kigoda chake upande wa zizi ili asimwone.

Mwishowe baba akasema, kama hawataki kumtaja, tutamtaja wenyewe katika matangazo ya vifo ya redio. Tuliandika tangazo pamoja, kwamba Eliufoo amefariki katika ajali ya ndege mlimani, na habari ziwafikie jamaa wote. Karani aliyelipokea alilisoma, akasema habari ya ndege hana ruhusa ya kuipitisha, kwa kuwa haikuthibitishwa. Baba alibishana naye hadi akachoka. Likatangazwa bila ndege. Jina lilisomwa, na kijiji, na jina la baba.

Watu wakaja, Eliezeri. Walikuja kutoka Himo, Njoro, hata Majengo, wamebeba maziwa na mikungu ya ndizi. Na kila aliyemshika baba mkono alimwuliza, "Pole mzee, kijana aliugua nini?"

Mwanzoni baba alieleza yote. Wengine walitazamana, wakidhani uchungu umemchanganya, maana redio ilishasema hakuna abiria. Alieleza tena na tena. Kuelekea jioni mzee mmoja rafiki yake aliketi karibu naye, akauliza swali lile lile.

"Homa," akasema.

Ruth alisikia, nami nilisikia. Hatukuweza kumsahihisha. Tangu siku hiyo ndivyo anavyomjibu kila mtu.

Nisalimie Magdalena na uwabusu watoto. Basili na Ruth wanawasalimu, vilevile shangazi Odilia ambaye amehamia hapa kumwangalia mama. Mungu awafunike huko mliko, na njia zenu ziwe za kurudi nyumbani. Nakuombea machozi, kwa maana mimi yangu yamekauka. Na huko wakikuuliza ndugu yako alikufaje, wewe usiseme homa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye katika msiba huu,

Aikande