Saa 10 Niliyoiandika Mimi

Ibra, Ijumaa mchana

Mama yangu mpenzi,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Si Baba, si Bi Zuhura, na rafiki wa kumwambia sina. Nakwambia wewe kabla hata sijakuamkia, maana nikianza na salamu najijua, nitazirefusha mpaka karatasi iishe. Kama mpaka leo hujaja Omani, sababu ni mimi. Si wakubwa wa ligi, na si Baba kama ulivyoambiwa. Ni mimi, Rukia wako.

Sasa shikamoo, Mama. Hujambo? Miguu ya Bibi imepungua kuvimba? Na Mudi, bado analala na kandambili zake chini ya mto ati zisiibiwe? Sisi huku wazima wa mwili. Joto limeanza kupungua, na Bi Zuhura amerudi kukaa uani kila alasiri na dele lake la kahawa, ananisahihisha Kiswahili. "Useme vikombe vimevunjika, mjukuu wangu, si kikombe zimevunjika. Mimi shangazi wa baba yako sikukulea hivyo." Lakini wa kuzungumza nao Kiswahili ni yeye na Baba tu, na skuli siku nzima ni Kiarabu. Utanisamehe nikikosea humu.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu sauti nikikutumia kwenye simu unaifungua jikoni na nyumba nzima inasikia. Barua hii ataichukua Bi Salma, yule wa Makunduchi anayefanya kazi nyumba ya jirani. Anakwenda likizo Jumatano. Nimemwomba akupe mkononi mwako.

Wewe mpira huujui, Mama, basi nikueleze kidogo. Ligi ya kulipwa ilitaka kuongeza timu mbili. Miji ikaambiwa iombe. Tukaomba sisi wa Ibra, wakaomba Sur, wakaomba Nizwa, hata Manah wakaomba, na Manah ni padogo kuliko sisi. Kamati ikasema itapita kila mji kukagua uwanja, taa, vyumba vya wachezaji, hospitali iko umbali gani. Pale klabuni Baba anapotunza uwanja hakukuwa na mazungumzo mengine.

"Sur wana bahari," alisema katibu wa klabu siku moja, "Nizwa wana ngome na watalii. Sisi tuna nini?"

"Tuna vumbi," mmoja akamjibu, wakacheka wote.

Katibu akamshika Baba bega. "Tuna majani ya Makame."

Baba alirudi nyumbani akanisimulia maneno hayo, akanywa chai, akanisimulia tena. Unamjua Baba, si mtu wa kujisifu. Lakini yale majani ameyapanda kwa mkono, kipande kwa kipande, na msimu wa joto anakwenda kuyamwagilia kabla ya alfajiri kama mtu anayekwenda kumnywesha mgonjwa.

Yaliyobaki unayajua. Timu ikiingia ligi, klabu iwe na mtunza uwanja wa kudumu, apewe nyumba ile ya vyumba viwili nyuma ya jukwaa, na akiwa wa kudumu aruhusiwe kuleta mke na mtoto, wewe na Mudi, maana mimi nilikuja kwa udhamini wa Bi Zuhura. Baba alikwenda kupima dirisha kwa mkono wake, dhiraa mbili na shubiri. Wewe ukanunua kitambaa cha pazia chenye maua ya buluu, ukanitumia picha. Cherehani ukampa Mama mdogo Asha. Ukaanza kuniuliza namba kwa Kiarabu, mimi nikakufundisha kwa simu, wahid, ithnen, mpaka ashara. Ulipofika ashara ukasema, "Kumi hiyo, basi zinanitosha za kununulia nyanya." Nikakwambia na saa za huku ni zile zile namba lakini hazianzi pamoja na zetu. Nikakukumbusha mwaka wangu wa kwanza hapa nilivyokosa basi la skuli kwa sababu hiyo. Tulicheka sana. Kwa hivyo usifikiri nilikuwa sijui.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Alasiri, Baba kaacha simu kwenye chaji kaenda uwanjani. Simu ikalia. Namba siijui. Nikaiacha, ikalia tena, nikapokea. Mwanamme, Kiarabu cha kiofisi. Akasema wao ni kamati ya ligi, namba hii wameikuta kwenye fomu, ya mwenye funguo za uwanja. Watakuja kesho, ashara. Hawataki sherehe, wanataka kuuona uwanja ulivyo. Akauliza, "Wewe nani?" Ulimi ukakwama, Mama, unajua ninavyokuwa. Nikasema, "Binti," nikakata simu kabla hajamaliza kuaga.

Ningemngoja Baba nimwambie kwa mdomo. Lakini niliona haya ataniuliza nilijibuje, nami nilijibu kama mjinga. Nikachukua karatasi nikaandika: Baba, wakaguzi wa ligi wanakuja kesho saa 10. Nikaiweka juu ya chupa ya chai nikalala mapema.

Kwa Kiarabu Baba hakosei saa. Angepokea yeye ile simu, angesikia ashara akajua ni saa nne yetu ya asubuhi. Lakini karatasi ilikuwa ya Kiswahili, imeandikwa na mwanawe, na mtu wa Unguja akisoma saa kumi anaona jua la alasiri.

Hilo ni kosa, na kosa mtu husamehewa. Ninalokwambia mimi ni la asubuhi yake.

Nilikuwa navaa viatu. Katibu wa klabu amesimama mlangoni, Baba kamwita mapema kumpa habari. Baba ameshika ile karatasi, anamwambia kwa Kiarabu, "Watakuja saa arba'a, baada ya alasiri. Tuna siku nzima. Nafungulia maji sasa hivi, mpaka wakija majani yatakuwa yamekauka yamesimama, na mistari nitaipiga chokaa mchana." Arba'a, nne, si ashara. Nililisikia neno hilo, Mama. Nililisikia vizuri, nikajua papo hapo, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Basi lilikuwa linapiga honi nje na wasichana wamechungulia madirishani. Nilitakiwa kusema neno moja tu. Lakini katibu alikuwa pale, na ningemwambia mbele yake kwamba Baba amekosea, na angeniuliza kwa nini, na ningeanza kugugumia, na yule msichana wa kiti cha mbele cha basi angeniigiza njia nzima mpaka skuli kama anavyoniigiza. Nikasema moyoni, labda nimesikia vibaya. Sikusikia vibaya. Nikavaa kiatu cha pili nikatoka.

Darasani nilikaa chini ya saa ya ukutani. Ilipofika kumi yao mwalimu alikuwa anaandika ubaoni, nami nikatazama daftari langu mpaka kengele.

Habari nilizipata jioni, niko jikoni naosha vikombe, Baba anamsimulia Bi Zuhura uani. Watu watatu wameshuka garini na viatu vyeusi. Uwanja umejaa maji kama bonde la mpunga. Mistari hakuna. Vyumba vimefungwa, katibu yuko sokoni anatafuta halua ya kuwakaribisha. Baba katoka na viatu vyake vya mpira na bomba mkononi, kwa kubabaika akawatamkia kumi ya karatasi kama ilivyo, "Mimi nimeambiwa ashara."

Mmoja akatazama saa yake. "Na sasa ni ashara."

Baba alisema hapo ndipo alipofahamu. Wakapiga picha, wakaandika, wakaondoka hata kahawa hawakunywa.

Bi Zuhura akammiminia kahawa. Halafu akauliza, "Makame, simu alipokea nani?"

"Mie," alisema Baba. "Nilipokea mie, nikachanganya."

Kikombe kilinitoka mkononi kwenye beseni na sikutoka nje. Alimwambia hivyo hivyo katibu, akawaambia klabu nzima, na wewe akakwambia hivyo. Majibu yalipotoka katibu aliyasoma kwenye simu yake mbele ya watu: Sur na Nizwa. Ibra, uwanja haukuwa tayari. Sijui walivyoweza kuandika hivyo juu ya majani ya Baba. Tangu siku hiyo wale mabwana wa klabuni wamempa jina, Bu Ashara, baba wa kumi. "Bu Ashara, saa ngapi kwenu?" Naye anawajibu, "Kwetu bado mapema," na wanacheka, na yeye anacheka. Akirudi nyumbani hacheki. Anakaa na viatu vyake miguuni muda mrefu kabla ya kuvivua.

Wiki iliyopita nilifua suruali yake ya kazi. Mfukoni ile karatasi ilikuwemo, imekunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa. Kumbe hakuitupa, na hakumwonyesha mtu. Anadhani amenifichia kosa langu. Hajui kwamba nilisimama pale mlangoni nikasikia yote. Angelijua hilo sijui kama angelisema tena "mie".

Ulipoambiwa kwamba huji, ulisema, "Basi, tumeshukuru," ukaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Nilikuwa sijala.

Mama, lile pazia usilikate nguo. Siombi unisamehe leo. Naomba usimlaumu Baba tena kwa kutosikia vizuri, maana nilisikia ulivyomwambia kwenye simu baadaye, naye akakubali.

Nisalimie Bibi, umbusu mkono kwa niaba yangu. Msalimie Mama mdogo Asha, cherehani aitumie bila wasiwasi. Mwambie Mudi dada yake anamkumbuka, na kandambili zake haziibiwi na mtu. Mwalimu wangu wa chuoni, bado yu hai? Naye salamu.

Nimemsikia Baba uani. Ametoka msikitini kapitia uwanjani, ndivyo afanyavyo kila Ijumaa, namjua kwa vile viatu vya mpira. Mara mbili tangu nianze kuandika amepita mlangoni, na mara zote mbili nimeiingiza barua hii ndani ya kitabu cha jiografia. Sasa anakuja tena, anauliza kama kuna chai. Kitabu nimekifunga nimekiweka kitandani. Barua hii iko mezani, iko wazi, maandishi yametazama mlango. Akitaka kusoma, asome kabla yako.

Ni mimi mwanao,
Rukia