Mawe ya Stika kwa Kaburi la Sharifu

Jumatatu, 4 Agosti

Kazi mpya, na tayari imenichefua. Bwana Sadala, anayesimamia ziara ya kaburi la Sharifu kwetu Mbwera, amekuja dukani anataka kaburi livishwe mawe. Si mawe — stika ya mawe! Mwaka jana walilijengea saruji, sasa wageni wa ziara wanasema linafanana na tangi la maji. Anataka lionekane la kale, kama yale ya Kilwa. Delta yetu nzima haina jiwe la kumtishia mbwa, ukitaka kurusha kitu unarusha tope. Basi mawe yatatoka kwenye printa, hapa Kibiti.

Bosi wangu Badru akamwambia, "Rukaiya huyu fundi, mzee. Hata mlima ukitaka anakuchapia." Huku anakula chipsi juu ya kompyuta yangu. Mafuta yamenidondokea kwenye kibodi. Mxiu!

Jumanne, 5 Agosti

Plagini ya mawe, kiprogramu cha kuongezea kwenye kompyuta. Unachagua aina, unabonyeza, jiwe linatoka. Lakini jiwe gani! Marumaru imetoka na mishipa myekundu kama utumbo wa buchani. Jiwe la chokaa limetoka safi, limenyooka, vigae vya gesti vitupu. Nimeongeza ukwaru, nimeongeza nyufa, nimegeuza mwanga utoke ubavuni. Bado plastiki. Kuna mtu alikaa akalipwa kutengeneza uchafu huu.

Maelezo yake yanasema ukitaka uhalisia uipe picha ya kitu cha kweli, itaiunga yenyewe kingo kwa kingo. Haya. Nikapige picha jiwe gani, nami niko Kibiti?

Jumatano, 6 Agosti

Nimelipata. Naandika humu kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia.

Choo cha nyuma ya duka. Sakafu yake. Saruji kuukuu iliyoliwa na mikojo, ukungu wa kijani kwenye nyufa, chumvi nyeupe pembeni. Niliingia kwa haja zangu, nikatazama chini — jiwe! Nikaziba pua, nikapiga picha. Plagini ikainua mabonde na vilima, ikaweka vivuli, likatoka jiwe la miaka mia tano. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na kila nikiitazama nasikia harufu.

Je, picha ya najisi ni najisi? Sina shekhe wa kumuuliza swali hilo.

Kesho nifute alama ya unyayo. Fundi aliyemwaga ile saruji aliikanyaga kabla haijakauka, na unyayo umetokea vizuri kuliko yote, kisigino na vidole.

Alhamisi, 7 Agosti

Badru hakunisubiri! Kachapa usiku, kapakia kwenye gari la alfajiri la kwenda Nyamisati, sasa stika ziko kwenye boti. Na kwa kuwa ile picha inajirudia, kaburi zima litakuwa limekanyagwa. Nimempigia kelele. Eti, "Nani ataangalia? Watu wanakwenda kusoma dua."

Jumapili, 17 Agosti

Watu wameangalia.

Mama kanipigia kutoka Mbwera, analia kwa furaha. Nyayo za Sharifu zimetokea juu ya kaburi lake! Nikamuuliza, mama, si zote ni za mguu wa kushoto? Akasema ndiyo. Nikamuuliza haoni kuwa hilo ni ajabu? Akasema ndiyo maana watu wanakuja.

Wanatoka vijiji vya mbali, wanatoka mpaka Dimani. Bwana Sadala analiosha kaburi, anakinga maji kwenye beseni, watu wanakunywa. Maji yaliyopita juu ya wino na gundi! Na chini ya wino ni choo chetu. Nimeuacha wali wangu mezani. Sijui nitakula nini leo.

Jumatano, 20 Agosti

Sasa si kinyaa tu. Naogopa.

Mama ana sukari, na ana kidonda mguuni kinachosafishwa zahanati. Ameacha kwenda. Anakiosha kwa maji ya kaburi. Vidonge vya sukari kavipandisha juu ya kabati. "Mguu kwa mguu, mwanangu," kaniambia. "Aliyeacha wake hapa ndiye atakayeniponyea wangu."

Nikamwambia kwenye simu, mama, ile ni stika, nimeitengeneza mimi. Akacheka! Akasema hata msahafu unachapwa na mashine, mbona tunaubusu?

Nikampigia Bwana Sadala, nikamweleza yote, choo na fundi na unyayo. Kisha akauliza swali moja tu: "Binti, nani mwingine anajua?" Mtu mzima, ndevu nyeupe, ananiuliza hivyo! Nilitamani kutema mate ndani ya simu.

Badru ndiye kapita wote. Anataka tuchape vipande vidogo vya kuuza, watu wabandike majumbani. Kashajaribu rangi mbili.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimemdanganya mama kuwa naumwa sana. Anakuja.

Jumatatu, 25 Agosti

Amefika, kashushwa garini kwa kushikwa mikono. Kabla hajafungua kitambaa cha kidonda nilishaisikia ile harufu. Vidole viwili vimekuwa vyeusi. Mama yangu aliyekuwa anavuna mpunga siku nzima na kurudi anaimba! Nimelia, yeye ananibembeleza. Kwenye mkoba ana chupa mbili za yale maji, moja kaniletea mimi mgonjwa.

Nimempeleka kwa daktari hapa Kibiti, naye hakuzunguka. Vile vidole vimeshakwenda. Mguu bado unaweza kuokolewa, ila apelekwe hospitali kubwa kesho asubuhi, akichelewa watakata kutoka gotini. Mama akamsikiliza kwa adabu zote, akamwambia, "Ahsante, mwanangu. Nirudisheni Mbwera."

Kesho nitamwonyesha. Kwa macho yake. Akinichukia, anichukie akiwa na miguu miwili.

Jumanne, 26 Agosti

Bajaji ya kutupeleka hospitali nimeiita mapema, nikaisimamisha mbele ya duka. Nikamwambia mama tupitie nyuma kidogo. Akaja, kanishika bega, anachechemea. Nikaufungua mlango wa choo. Inzi wakatoka.

"Tazama chini, mama. Unyayo wenu huo. Hapa watu wanakojoa. Badru anakojoa hapa! Nilipiga picha hapa kwa mkono wangu, kwa simu yangu hii."

Badru akatokea na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma yetu.

Mama akatazama. Akainama, akautazama kisigino mpaka vidole. Nikajua amenielewa. Nilikuwa tayari kwa kofi, nilikuwa tayari kwa kilio, nilishanyoosha mkono nimpeleke kwenye bajaji.

Akavua ndala. Akaanza kufungua kitambaa, taratibu, kama anayemfungua mtoto nepi. Akaingia. Akauweka mguu wake ule mbovu, wa kushoto, ndani ya alama ya fundi. Umeenea.

"Kumbe na huku alipita," akasema. "Na Mungu akakuonyesha wewe, mwanangu, katika wote."

Nimemvuta, hatoki. Nimemwambia mguu utakatwa, anaitikia amina. Kidonda wazi juu ya saruji ile! Nimelia, nimepiga kelele, kaniambia nisipige kelele mahali hapa.

Naandika nimekaa juu ya ndoo, nje ya mlango. Badru, ambaye hajagusa brashi tangu nianze kazi, anasugua kuta za choo. Bajaji iko tupu. Dereva kasikia, kaja kutazama, na viatu vyake kaviacha mlangoni.